Bajeti Si Fedha: Maswali Yenu Kuhusu Halmashauri, Hazina na Viwanja

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: hela ya halmashauri inatoka wapi, na nani anaishika mkono isipotee njiani? Tumechagua saba. Majibu ni ya Tanzania Bara, kwa utaratibu wa serikali za mitaa chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

*Boma letu la zahanati lilipitishwa kwenye bajeti. Diwani akasimama mkutanoni akasema milioni 50 zimetengwa. Mwezi wa nne unaisha, hatujaona hata bati moja. Hela imeliwa?*
— Mjumbe wa serikali ya kijiji, Kilosa

Huenda haijaliwa kwa sababu haijafika. Neno linalowaponza watu hapa ni "zimetengwa". Kutengewa ni karatasi. Kupokea ni hela kuonekana kwenye akaunti. Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu, na diwani kwa kawaida hutangaza mwanzoni mwa safari.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Miezi kadhaa kabla, Hazina hutoa mwongozo wa bajeti pamoja na ukomo, yaani kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kuvuka inapopanga. Halmashauri huingiza mipango yake kwenye mfumo wa PlanRep, Baraza la Madiwani huipitisha, sekretarieti ya mkoa huichambua, kisha huunganishwa na bajeti ya serikali inayokwenda bungeni. Bunge likishaidhinisha, boma lenu lina haki ya kupata fedha. Fedha yenyewe bado.

Hazina hutoa fedha kadiri makusanyo yanavyoingia. Mishahara na deni la Taifa havisubiri mtu. Miradi ya maendeleo hubaki nyuma ya foleni, na makusanyo yakilegalega, inayokatwa ni hiyo. Ndiyo maana halmashauri inaweza kufika Machi ikiwa imepokea sehemu ndogo tu ya ilichoidhinishiwa bila mtu yeyote kuiba senti.

Kwa hiyo msiulize "hela iko wapi". Swali hilo hujibiwa kwa hotuba. Ulizeni hivi: chanzo cha hizo milioni 50 ni ruzuku ya serikali kuu au mapato ya ndani ya halmashauri? Je, zimepokelewa? Tarehe gani, na ziliingia akaunti ipi? Mweka hazina wa halmashauri akifungua mfumo wa malipo wa MUSE anaona majibu hayo mbele yake. Chanzo kikiwa ruzuku na haijapokelewa, wa kubanwa ni mbunge wenu, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuuliza bungeni. Chanzo kikiwa mapato ya ndani, rudini kwa diwani. Mwongozo wa bajeti huzitaka halmashauri zitenge kwa maendeleo sehemu ya mapato yao ya ndani yasiyofungwa na matumizi maalumu, kwa kawaida asilimia 40 kwa zile ndogo na 60 kwa zenye makusanyo makubwa. Hapo swali ni moja: mmekusanya kiasi gani, na hiyo asilimia mmeipeleka wapi?

Jambo la kuchunga ni mwezi wa sita. Fedha ikiingia siku za mwisho wa Juni, muda wa kununua na kujenga hautoshi, na vitabu vinafungwa. Bakaa hurudi Hazina isipokuwa Mkurugenzi ameomba kibali mapema cha kuendelea kuitumia. Wengine, kwa kuogopa kunyang'anywa, hununua haraka haraka: bati zisizo na geji (unene) iliyotakiwa, saruji ya kugandia stoo. Anzeni kuulizia kibali hicho mwezi wa tano.

*Wilaya ya jirani ina watu wachache kuliko sisi lakini inapata ruzuku kubwa. Hugawanywa kwa vigezo gani, au ni kujuana?*
— Mwalimu mstaafu, Kasulu

Mwalimu, vigezo vipo, na kwa fedha za aina fulani vinafuatwa. Kanuni ya ruzuku ya afya iliyoanza kutumika miaka ya 2000 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70. Zilizobaki ziligawanywa sawa, asilimia 10 kwa kila kimoja, kati ya umaskini, umbali ambao magari ya afya hulazimika kutembea, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Ruzuku ya maendeleo nayo ilikuwa na kanuni yake: watu 70, umaskini 20, ukubwa wa eneo 10. Wilaya ya jirani ikiwa kubwa kwa eneo na maskini zaidi, inaweza kuwapita kwa fedha ya kila kichwa.

Lakini siri kubwa haiko kwenye kanuni. Iko kwenye mishahara. Sehemu kubwa ya fedha ambayo serikali kuu hupeleka halmashauri ni mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine, na mshahara humfuata mtumishi alipo, si mwanafunzi alipo. Wilaya yenye walimu wengi tayari hupata hela nyingi. Iliyo mbali, ambako walimu huripoti na kuomba uhamisho mwaka unaofuata, hupata kidogo ingawa watoto wamejaa darasani. Kanuni nzuri ya asilimia 70 haigusi fungu hilo. Ukitaka kupigania mgao wa wilaya yako, pigania ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, na pigania nyumba za watumishi zitakazowafanya wabaki.

Pia angalia takwimu mnazotuma wenyewe. Fedha ya elimu bila ada hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule kwa hesabu ya wanafunzi. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 ndizo huingia shuleni, 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa sekondari ni 25,000, nusu kwa nusu. Shule yenye watoto 600 hupata 3,600,000 kwa mwaka, sawa na laki tatu kwa mwezi. Mwalimu mkuu akituma takwimu za mwaka jana zenye watoto 520, shule imejinyima 480,000 kwa mkono wake.

*Shule yetu imepewa fedha za madarasa mawili, tumeambiwa tujenge wenyewe kwa "force account". Mimi nimechaguliwa kamati ya mapokezi. Kazi yangu ni nini hasa, kusaini tu?*
— Mzazi, Mkuranga

Ukisaini tu, umekwisha. Force account maana yake serikali haimpi mkandarasi kazi yote. Shule au kijiji kinanunua vifaa na kumlipa fundi ufundi wake. Lengo ni kubana gharama. Mwaka 2021, kwenye fedha za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa kwa bei ya shilingi milioni 20 kila moja, bei ikiwa moja nchi nzima. Hapo pana udhaifu unaojulikana: milioni 20 za mahali palipo karibu na kiwanda cha saruji si milioni 20 za kisiwani Ukerewe, ambako mfuko huvuka maji kwanza.

Kwa kawaida kamati ni tatu, na zimetenganishwa makusudi. Ya manunuzi hutafuta bei na kuagiza. Yako, ya mapokezi, huhakiki kilicholetwa. Ya ujenzi husimamia kinachojengwa. Mtu mmoja akikaa kwenye zote tatu, ulinzi umeondoka, na mkaguzi ataliandika hilo kabla hata hajaona ukuta.

Gari likifika, shika hati tatu mkononi: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo kutoka kwa muuzaji, na BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na vipimo vyake. Hesabu mwenyewe, usikubali kuhesabiwa. Saruji huhesabiwa mfuko kwa mfuko wakati inashuka. Mkishaipanga stoo, mifuko ya katikati haionekani, na hapo ndipo 200 ya kwenye karatasi huwa 180. Nondo ni pagumu zaidi. Oda inasema milimita 12, zinazoletwa ni 10, na kwa macho zinafanana, hasa zikiwa zimekunjwa na kufungwa. Azima kipimo cha fundi, pima nondo tano au sita kutoka katikati ya fungu, si za juu. Tofauti ya milimita mbili inaonekana ndogo, lakini uzito wa nondo hufuata mraba wa unene wake: kumi mara kumi ni mia, kumi na mbili mara kumi na mbili ni mia na arobaini na nne. Mmepunjwa karibu theluthi moja ya chuma, na lenta ndiyo itakayosema baadaye. Kwa bati soma geji iliyogongwa ubavuni. Geji 30 ni nyembamba kuliko 28, namba ikiwa kubwa bati ni jepesi.

Kisichofanana na oda, kiandike kwenye hati ileile kabla ya kusaini: "pungufu mifuko 20", "nondo zimekataliwa". Kisha vifaa viingie kwenye leja ya stoo, na kila kinachotoka kitoke kwa sahihi ya fundi. Kwa kila malipo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wazee wa kijiji wakichangia mchanga, mawe au maji, nayo iandikwe na ipewe thamani, kwa kuwa nguvu za wananchi ni sehemu ya mradi. Isipoandikwa, kuna mtu atainunua upya kwenye vitabu.

*Halmashauri yetu imepata hati safi ya CAG mwaka huu, na mwaka huohuo mtu wa ushuru alikimbia na mashine ya POS. Hiyo hati safi ni ya nini basi?*
— Mfanyabiashara wa mazao, Mbozi

Hati inayoridhisha, ambayo watu wanaiita safi, inasema jambo moja: hesabu zilizoandaliwa zinaonyesha hali halisi ya fedha bila kasoro kubwa. Haisemi hakuna aliyeiba. Halmashauri iliyoibiwa ikaandika vizuri kwamba imeibiwa, ikaonyesha deni hilo linadaiwa nani, inaweza kupata hati inayoridhisha. Iliyo na watumishi waaminifu lakini imepoteza hati za malipo inaweza kupata yenye shaka, au mkaguzi akashindwa kutoa maoni kabisa. Kwa hiyo madiwani wanaoshangilia hati wasome na kurasa zinazofuata. Utamu, au uchungu, uko huko: fedha zilizokusanywa kwa POS bila kupelekwa benki, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, miradi iliyolipwa haijakamilika.

Mzunguko wenyewe huenda hivi. Baada ya 30 Juni halmashauri ina miezi mitatu kufunga hesabu na kuzikabidhi kwa ukaguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, humkabidhi Rais ripoti kufikia mwisho wa Machi, kisha inakwenda bungeni Aprili. Hapo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi na kuwahoji. Ikifika hapo, fedha inayojadiliwa imeshatumika karibu mwaka mzima uliopita. Ndiyo sababu usimamizi wa karibu ndio unaookoa hela: mkaguzi wa ndani wa halmashauri, sekretarieti ya mkoa chini ya Katibu Tawala, na madiwani wenyewe kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inayokutana kila mwezi.

Kuhusu POS: mashine inapozimwa au kuwekwa nje ya mtandao, makusanyo hayaonekani makao makuu hadi irudishwe hewani. Wanaofuatilia vizuri hawasubiri mwisho wa mwezi. Kila asubuhi wanatazama mashine zipi hazijasoma tangu jana, na wanalinganisha kilichokusanywa na kilichoingia benki kwa namba ya malipo. Wewe unayelipa, dai risiti iliyochapwa na mashine. Karatasi ya mkono haina mwenyewe.

*Barabara ya mtaa wetu imekatika, visima vimeharibika. Mkurugenzi anasema si kazi yake. Anatukwepa?*
— Mkazi wa Tabora

Safari hii, hapana. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, si idara ya ujenzi ya halmashauri. TARURA hupata asilimia 30 ya Mfuko wa Barabara, TANROADS, yenye barabara kuu na za mikoa, 70, na mwaka 2021 TARURA iliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. Maji ya vijijini yalihamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Mna meneja wa wilaya wa kila kimoja. Barua iende kwao, nakala kwa Mkurugenzi. Halmashauri bado inaweza kuweka mapato yake ya ndani kwenye barabara ikitaka, na baadhi hufanya hivyo. Ila kumbukeni, diwani mliyemchagua hana amri juu ya meneja huyo. Kwa maoni yetu, hilo ni pengo: wananchi wamebaki na wa kumlaumu, hawana wa kumwajibisha.

*Tulinunua viwanja vya mradi wa halmashauri. Tumemaliza kulipa. Barabara ni alama za rangi kwenye miti, maji hakuna. Serikali kuu inahusikaje na miradi hii?*
— Wanunuzi sita, Dodoma

Inahusika zaidi ya mnavyodhani, na tatizo lenu lina jina: fedha ya kuzunguka imeacha kuzunguka.

Mfano wa zamani ni mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002. Hazina ilitoa mkopo, maeneo kama Kibada, Tuangoma, Gezaulole, Mwanagati, Buyuni na Bunju yakapimwa, viwanja vikauzwa, mkopo ukarudi. Upimaji ulikwenda vizuri kuliko huduma: wengi walikabidhiwa viwanja, wakakaa miaka wakingoja maji na barabara. Mpango wa karibuni wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, KKK, unafuata njia ileile: serikali kuu kupitia Wizara ya Ardhi huikopesha halmashauri bila riba, halmashauri inalipa fidia, inapima, inauza, inarejesha mkopo, na faida inayobaki ndiyo inapaswa kuchonga barabara na kupima eneo linalofuata.

Huharibika wapi? Kwanza kwenye bei. Halmashauri inahesabu fidia na upimaji, inasahau kuchonga barabara na mitaro, kisha inauza kwa bei inayorudisha mkopo tu. Pili, wanunuzi wanalipa kwa awamu, wengine wanakwama, na mkopo wa serikali una ratiba yake. Tatu, na hili ndilo baya, fedha za mauzo zinaingia akaunti ya jumla na kutumika kwa mafuta ya magari na posho za vikao. Mradi wa viwanja unatakiwa uwe na akaunti yake au walau kasma yake, yaani fungu lake kwenye vitabu, inayosomeka peke yake. Ombeni taarifa ya mapato na matumizi ya mradi, si ya halmashauri. Wakijibu kwamba haipo peke yake, mmeshapata jibu la wapi barabara yenu ilikwenda.

Mkiwa sita, andikeni barua moja kwa Mkurugenzi, nakala kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Ambatisheni risiti, ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa na namba za viwanja. Ramani hiyo ina nguvu, maana upana wa barabara umeandikwa humo na hauwezi kupunguzwa kimyakimya ili viongezwe viwanja viwili vya pembeni.

Ama nyumba zenyewe, halmashauri chache hujenga za kuuza. Kukopa kwa kiasi hicho kunahitaji idhini ya Waziri chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na benki hutaka dhamana ambayo shule na zahanati haziwezi kuwa. Kazi hiyo imebaki kwa mashirika ya serikali kuu: Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962, Watumishi Housing, na Wakala wa Majengo, TBA, uliojenga Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizohamishwa hapo, nyumba hizo zilizinduliwa Machi 2022.

*Sisi tuko upande wa pili: halmashauri inataka shamba letu kwa ajili ya viwanja. Walifanya uthamini mwaka juzi, hawajalipa, wametukataza kupanda miti. Tunadai nini?*
— Familia moja, Kibaha

Kwanza tarehe. Tafuteni fomu ya uthamini na tarehe ambayo Mthamini Mkuu aliidhinisha. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu kuidhinishwa, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka miwili haijalipwa, uthamini huo umekufa, na kazi inatakiwa kurudiwa kwa bei za sasa. Mkisema "mwaka juzi", huenda mko ukingoni au mmeshavuka. Msikubali kulipwa kwa bei ya zamani na kuongezewa "kidogo cha soda".

Pili, yaliyomo. Fidia kamili si thamani ya ardhi peke yake. Kuna thamani ya majengo na mazao, posho ya usumbufu, upotevu wa faida kama mlikuwa na biashara pale, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya pango ya mwezi mara 36, na usafiri wa mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Kiwanja kitupu kisichokaliwa hakipati posho ya makazi wala usafiri, na hapo ndipo wengi hugombana bila sababu. Nyumba inayokaliwa hupata, hata iwe ya udongo.

Tatu, siku ya uthamini iwe na watu. Mwenye shamba, mwenyekiti wa mtaa na mthamini wanasaini fomu pamoja, na picha hupigwa mwenye mali akiwa mbele ya mali yake. Kama uthamini utarudiwa, hesabuni miche kabla mthamini hajafika, mwembe kwa mwembe, mnazi kwa mnazi, mkitenganisha inayozaa na michanga, kwa sababu viwango vyake havilingani. Nakala ya fomu ibaki nyumbani. Ikibaki ofisini peke yake, idadi ya minazi ina tabia ya kupungua.